Mfuo wa Santuri na Unyevu wa Bukoba

Mji wa Bukoba hupata mvua yapata milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia mara mbili ya ile inyeshayo Dar es Salaam. Pepo zitokazo Ziwa Victoria husukuma mawingu mazito hadi ufuko wa magharibi, na mara nyingi ngurumo huanza kabla ya mapambazuko. Mvua hiyo ni neema kwa migomba na kahawa. Lakini kwa mkazi wa kata ya Hamugembe mwenye kasha la santuri uvunguni mwa kitanda, ni jambo linalotaka uangalifu. Kwani santuri, iwe imebeba simfoni ya Beethoven au magitaa ya muziki wa roki, huhifadhi sauti kwa njia moja tu, nayo ni umbo la mfuo uliochongwa juu ya uso wake. Umbo hilo likilika, hata kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, sehemu ya muziki imekwisha kutoweka, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Ni vema basi kueleza mfuo huo ni kitu gani, jinsi sindano inavyousoma, na kwa nini santuri mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutaka matunzo yaliyo kinyume kabisa.

Mtikisiko ulioandikwa

Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, Mkoa wa Kagera ulipatwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Kuta zilipasuka na nyumba kubomoka mjini Bukoba, na watu walipoteza maisha. Wakati huo huo vipima-tetemeko vilivyo mbali viliandika tukio hilo kama mstari upandao na kushuka: palipotikisika kwa nguvu mstari ulipanda juu, palipotulia ukalala. Mtu aliyewahi kuuona mstari wa namna hiyo amekwisha kuelewa nusu ya siri ya santuri. Sauti nayo ni mtikisiko, ila ni wa hewa, mdogo na wa haraka zaidi. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde.

Mwaka 1857 Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa chombo kilichoandika mitetemo ya sauti juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Chombo hicho kiliweza kuandika, lakini hakikuweza kusoma. Miaka 20 baadaye, mwaka 1877, Thomas Edison wa Marekani alifaulu kuandika sauti juu ya karatasi ya bati iliyozungushiwa mcheduara, kisha akaisikia tena. Hatua iliyoizaa santuri tunayoijua ilipigwa mwaka 1887 na Emile Berliner, aliyeacha mcheduara na kuandika juu ya sahani bapa, sindano ikiyumba kushoto na kulia. Faida ya sahani bapa ilikuwa kubwa: kutokana na nakala moja ya chuma ziliweza kugandamizwa maelfu ya nakala, kila moja ikipata umbo lile lile kama kitumbua kipatavyo umbo la kikaango chake.

Watu wengi hudhani kwamba uso wa santuri una mamia ya mifuo iliyozungukana. Kwa kawaida kila upande una mfuo mmoja tu, ulioviringwa kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Katika santuri kubwa ichezwayo kwa dakika 22, mfuo huo ukinyoshwa ungefikia karibu nusu kilomita. Upana wake ni yapata sehemu 5 za mia za milimita moja. Kuta zake mbili zimeinama kwa pembe ya nyuzi 45, na tangu santuri za stirio zilipoenea kuanzia mwaka 1958, ukuta mmoja hubeba sauti ya kushoto na wa pili ya kulia. Ncha ya sindano, ambayo huwa ni almasi, hupita katikati ya kuta hizo na kutikisika kama zinavyoiamuru. Mtikisiko huo huisogeza sumaku ndogo karibu na koili ya waya, au koili karibu na sumaku, na hapo umeme dhaifu huzaliwa. Kikuza-sauti huupa umeme huo nguvu, na spika huugeuza tena kuwa mtikisiko wa hewa chumbani.

Uzito uwekwao juu ya sindano ya siku hizi ni mdogo, gramu 2 hivi. Hata hivyo uzito huo hubebwa na sehemu ndogo mno ya ncha, hivyo kwamba kanieneo juu ya ukuta wa mfuo hupita kwa mbali ile ya gurudumu la lori juu ya barabara. Chembe ya vumbi iliyonaswa mahali hapo haifutwi na sindano. Hukandamizwa ukutani na kubaki humo kama kokoto katika lami.

Utomvu wa mdudu na plastiki

Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri zilizotokana na safari ile hazikuwa za plastiki. Zilikuwa za shelaki. Shelaki ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo aishiye juu ya matawi ya miti, hasa nchini India. Viwanda viliuchanganya na unga wa mawe na rangi nyeusi. Unga wa mawe uliwekwa kwa makusudi. Gramafoni za zamani zilitumia sindano za chuma chini ya kichwa chenye uzito uliozidi gramu 100, na mawe yale yaliisaga ncha ya sindano haraka hadi ikaufuata mfuo sawasawa. Ndiyo sababu sindano ilibidi kubadilishwa kila upande mmoja ulipokwisha. Santuri hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na zilivunjika kama sahani ya udongo.

Vinili ilikuja baadaye. Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya vinili izungukayo mara 33 na theluthi moja kwa dakika; mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ikajibu kwa santuri ndogo ya mizunguko 45. Hizi ndogo ndizo zilizoenea zaidi Afrika Mashariki, nyingi zikiwa zimetengenezwa Nairobi, ambako bendi kadhaa za Tanzania zilisafiri kwenda kurekodi.

Tofauti ya vitu hivi viwili si habari ya historia pekee, kwa kuwa shelaki huyeyuka katika spiriti. Mtu anayetaka kusafisha santuri ya babu yake akashika kitambaa kilicholoweshwa spiriti, gongo au kileo kingine kikali, atauona weusi ukihamia kitambaani. Weusi huo ni mfuo wenyewe. Vinili, kwa upande wake, haiyeyuki katika spiriti, na wasafishaji wengi huiosha kwa maji yenye spiriti kidogo bila kuidhuru. Kanuni iliyo salama ni kuangalia kwanza idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye lebo. Ikiwa ni 78, spiriti isikaribie. Hali kadhalika kuhusu sindano: mfuo wa santuri ya 78 ni mpana karibu mara tatu kuliko ule wa santuri ndefu. Sindano nyembamba ikiwekwa humo hukwaruza chini kabisa na kutoa mchakacho, na sindano ya chuma ya gramafoni ikiwekwa juu ya vinili huilima kwa mzunguko mmoja tu.

Simfoni, enanga na urefu wa upande

Upande mmoja wa santuri ya 78 ulibeba dakika 3 hadi 5. Muda huo watosha wimbo wa kuchezea dansi, lakini hautoshi kazi kubwa za muziki. Arthur Nikisch na orkesta ya Berlin Philharmonic waliporekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven mwaka 1913, ilibidi igawanywe katika pande 8. Msikilizaji alinyanyuka kitini mara saba kabla ya kufika mwisho.

Tatizo hilo Wahaya wangelifahamu bila kufundishwa. Enanga, kile chombo cha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama chano, huandamana na tendi za mashujaa ambazo mwimbaji huzirefusha kadiri hadhira inavyomwitikia. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyezichunguza kwa miaka mingi na kuandika juu ya mwimbaji mashuhuri Habibu Selemani, amezionyesha kuwa ni sanaa ya masimulizi marefu. Utendi wa namna hiyo ukikatwa kila dakika ya nne unapoteza pumzi yake. Santuri ndefu ya mwaka 1948 ilikuwa chombo cha kwanza cha nyumbani kilichoweza kuustahi muziki mrefu, uwe wa Vienna au wa Kagera. Huko Ulaya na Marekani nafasi hiyo ilitumika sana. Waimbaji wa enanga waliifaidi kidogo mno, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Hata katika santuri ndefu, nafasi ina gharama. Sahani huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini njia ya mfuo ukingoni ni ndefu kuliko karibu na katikati. Mwanzoni mwa upande, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde. Mwishoni kasi hushuka hadi karibu sentimita 21. Sauti nyembamba ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, ambayo ukingoni huandikwa katika wimbi lenye urefu wa sehemu 5 za mia za milimita, karibu na lebo hubanwa katika sehemu 2 tu. Sindano hushindwa kuingia katika kona kali kama hizo, na sauti huanza kukwaruza. Muziki wa Kizungu wa kale huumia zaidi hapa, maana watunzi wake hupenda kumalizia kwa kishindo. Boléro ya Maurice Ravel, ya mwaka 1928, huanza kwa mnong'ono na kukua mpaka orkesta nzima inapolipuka mwishoni, yaani mahali pale pale ambapo mfuo ni dhaifu. Bendi ya roki huweza kuukwepa mtego huo kwa kuweka wimbo mpole mwishoni mwa upande, na watayarishaji wengi wamefanya hivyo.

Roki ina shida yake, nayo ni besi. Sauti nzito huyumbisha mfuo kwa upana mkubwa. Ingeandikwa ilivyo, mizunguko ya mfuo ingegongana au upande mzima ungebeba dakika chache tu. Kwa hiyo wakati wa kuchonga, sauti nzito kabisa hupunguzwa hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi, na zile nyembamba kabisa huongezwa karibu mara kumi. Kanuni hiyo ilikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1954 na baadaye ikatumika karibu dunia nzima. Mashine ya nyumbani inapaswa kufanya kinyume chake: kurudisha besi na kupunguza wembamba. Hapa ndipo wengi hukwama siku hizi. Mtu hununua mashine ya santuri, akachomeka waya wake moja kwa moja katika spika ziitwazo mitaani sabufa, akapata sauti hafifu, kali, isiyo na kina, kisha akailaumu santuri. Kinachokosekana ni kikuza-sauti maalumu cha santuri, ambacho hukaa kati ya mashine na spika. Mashine nyingine huwa nacho ndani yake, na swichi yake huwa nyuma.

Mfano mzuri wa mvutano kati ya urefu na nguvu ya sauti ni wimbo wa Bohemian Rhapsody wa kundi la Queen, uliotolewa mwaka 1975. Mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, naye aliunganisha katika wimbo mmoja kinanda, kwaya ya mtindo wa opera na magitaa mazito. Wimbo huo huchukua dakika 5 na sekunde 55, karibu mara mbili ya kawaida ya santuri za mizunguko 45. Upande ukirefuka kiasi hicho mifuo hulazimika kusongamana, na fundi mchongaji hulazimika kupunguza ama besi ama nguvu ya sauti. Anayeusikiliza wimbo huo katika santuri ndogo na katika santuri kubwa kwa zamu aweza kuitambua tofauti kwa masikio yake mwenyewe.

Wapo wanaodai kuwa santuri hutoa sauti iliyo ya kweli kuliko vyombo vya tarakimu. Dai hilo halina msingi wa kifizikia. Sahani za kompakti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zina mngurumo mdogo zaidi na huweza kubeba tofauti kubwa zaidi kati ya sauti ndogo na kubwa. Hata hivyo watu wamezirudia santuri kwa wingi. Nchini Marekani, mwaka 2020, mapato ya santuri yalizidi yale ya sahani za kompakti kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Labda sababu ni kwamba santuri humtaka mtu aketi. Jambo zito zaidi kwa Afrika Mashariki ni kwamba zipo nyimbo ambazo tepu zake za awali zimepotea, na kilichobaki ni santuri zilizo majumbani mwa watu.

Chumbani Hamugembe

Adui mkubwa wa santuri hizo katika hali ya hewa ya Bukoba ni kuvu. Kuvu huota pale ambapo unyevu wa hewa unakaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, na chakula chake ni karatasi ya mfuko, gundi yake, na mafuta ya vidole yaliyoachwa juu ya sahani. Vinili yenyewe haiwi chakula chema kwake, lakini nyuzi zake hujaza mfuo na kutoa mchakacho. Shelaki hudhurika zaidi. Uvungu wa kitanda, ulio karibu na sakafu ya saruji ipitishayo unyevu, ni mahali pabaya kuliko pote. Ukuta wa nje upigwao na mvua hauko mbali nao. Rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni na kuachwa upenyo nyuma yake, katika chumba kinachofunguliwa madirisha siku za jua, hufaa zaidi kuliko sanduku lililofungwa vizuri. Mfuko wa karatasi wenye harufu ya uvundo utupwe, hata kama jalada la nje lahifadhiwa. Kwa upande mwingine unyevu una fadhila yake ndogo: umemetuli, ule unaovuta vumbi kwenye santuri katika nchi kavu, huisumbua Bukoba kidogo tu.

Joto nalo liangaliwe. Vinili huanza kulegea inapokaribia nyuzi 60 za Sentigredi, kiwango kinachofikiwa kwa urahisi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Santuri zisimame wima kama vitabu, kwani zikilazwa kwa rundo zile za chini hupindika.

Kuosha si kazi ngumu. Kwa vinili, maji yaliyokenekwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri za magari (si tindikali yake), pamoja na tone moja la sabuni ya maji na kitambaa laini kisichotoa nyuzi, hutosha. Kitambaa kifuate mzunguko wa mfuo, kisiukate, na lebo isiloweshwe. Kisha santuri isuuzwe na kuachwa ikauke wima kivulini. Santuri ya 78 yaweza kuoshwa kwa namna hiyo hiyo, lakini kwa haraka na kukaushwa mara moja, maana shelaki haipendi kukaa majini.

Umeme huleta jambo jingine ambalo wengi hulidhania kuwa ubovu. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na ule wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60. Mashine kuukuu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huhitaji transfoma ya kupunguza volti. Lakini transfoma haibadilishi idadi ya mizunguko. Ikiwa mota yake hufuata mizunguko ya umeme, kama zilivyo nyingi za zamani, sahani itazunguka mara 28 hivi badala ya 33 na theluthi, na muziki wote utashuka kwa nusu-toni tatu. Mwimbaji wa sauti ya kwanza atasikika kama amezeeka, na simfoni ya nusu saa itachukua dakika 36. Mashine nyingine zina kipuli cha akiba cha mizunguko 50, nyingine haziponi. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kukata duara la karatasi lenye mistari 180 iliyogawanywa sawasawa ukingoni, kuliweka juu ya sahani inayozunguka, na kulitazama chini ya taa inayowaka kwa umeme wa mizunguko 50. Mwendo ukiwa sahihi mistari huonekana kama imesimama. Taa ya zamani ya waya au ya mrija hufaa. Nyingi za kisasa hazipepesi vya kutosha.

Mwisho ni mtikisiko. Sindano iliyoundwa kuhisi mwendo mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita haichagui chanzo: lori linalopita barabarani, mtoto anayeruka chumba cha pili, na besi ya sabufa iliyowekwa meza moja na mashine, vyote husomwa kama muziki. Spika zikae mbali na meza ya mashine. La sivyo mtikisiko wao hurudi kwenye sindano, hukuzwa tena, na kugeuka mvumo usiokoma. Mashine ikae juu ya kitu kizito, kilichoegemea ukuta imara. Kuhusu rafu, ikumbukwe kwamba santuri kubwa 100 pamoja na majalada yake zina uzito wa kilo 25 hivi. Katika mji uliokwisha kuona tetemeko la mwaka 2016, rafu hiyo yafaa kufungwa ukutani kwa skrubu, iwe fupi, na zile za shelaki ziwekwe ngazi ya chini, zikitenganishwa kwa vipande vya kadibodi kila baada ya santuri kumi hivi.